Kupiga Picha za Gati kwa Tripodi Mpya: Mwongozo Kamili kutoka Ufuo wa Malindi

Gati humvutia mpiga picha mwenye tripodi mpya kwa sababu lenyewe limesimama na kila kinacholizunguka kinakwenda. Maji yanakwenda, mawingu yanakwenda, mashua zinayumba, watu wanapita na ndoo za samaki. Ukiiacha shata, yaani pazia la kamera linaloingiza mwanga, wazi kwa sekunde 20, nguzo zitabaki na kila ufa wake na kila chaza aliyegandamana nazo, ilhali bahari itakuwa imelainika kama kitambaa kilichopigwa pasi. Picha hiyo ndiyo ambayo wengi wetu tulikuwa nayo akilini tulipotoa fedha dukani, na ndiyo tuliyoshindwa kuipata tulipofika ufuoni mara ya kwanza. Nikizipitia picha zangu za mwaka ule wa mwanzo, naona kwamba karibu zote ziliharibikia mahali pamoja, nako ni chini kabisa, pale miguu mitatu ilipokanyaga. Kamera haikuwa na kosa. Kwa hiyo mwongozo huu utazungumzia sana miguu ya tripodi na kile kilicho chini yake, na mengine utayagusa kwa kadiri yanavyohusiana na hilo.

Mfano wangu ni gati la Malindi, katika pwani ya Kenya, ambalo wenyeji wengi huliita jeti. Nimelichagua kwa sababu linatoka ufuoni na kuelekea upande wa bahari ambako jua huchomoza, kwa sababu maji yakipwa mchanga unaolizunguka huwa mpana wa kutosha mtu kutafuta mahali pake bila kubanwa, na kwa sababu bahari ya hapo haifanani mwaka mzima. Anayepiga picha Unguja mjini, ambako ufuo unaelekea magharibi na jua huzama baharini, atageuza asubuhi kuwa jioni, atazipanga upya siku za maji kulingana na saa ya machweo, na mengine yote yatabaki vilevile.

Siku chache za nyumbani

Tripodi mpya isiende baharini siku ile ile iliyonunuliwa. Ikunjue sebuleni, uondoe kila kipande cha plastiki iliyokuja nacho, kisha uchunguze viungo vyake kimoja baada ya kingine. Kila mguu una vipande vitatu au vinne vinavyoingiana, na kila kiungo hufungwa ama kwa pete ya kuzungusha ama kwa klipu ya kubana. Juu kuna kichwa, ambacho mara nyingi ni cha gololi, yaani mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe na kukazwa kwa kitasa. Juu ya kichwa hukaa kibao kidogo kinachofungwa chini ya kamera kwa skrubu ya robo inchi, na kipimo hicho cha skrubu ndicho kinachotumika karibu katika kamera zote, hata katika vishikio vya simu. Mwenye simu tu, basi, asijione ametengwa: anunue kishikio chenye tundu la skrubu hiyo, na karibu yote yatakayofuata yanamhusu.

Kirefushe kila kipande, ukaze kila kiungo, halafu uweke viganja vyote viwili juu ya kichwa, kamera ikiwa bado kabatini, na ukandamize kwa nguvu kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Tripodi nzima haishuki hata kidogo. Isiyo nzima itashuka kwa mguu mmoja, polepole sana, kiasi kwamba macho hayaoni. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Nilipiga picha 14 za sekunde 30 kila moja, zote zikawa na ukungu wa ajabu kwenye kingo za nguzo, na kwa wiki mbili nikailaumu lenzi hadi siku niliyoukandamiza mguu wa kushoto nikausikia ukiteleza. Dawa yake ilikuwa kukaza bolti moja kwa spana ndogo ya pembesita, ile ambayo mafundi huiita alenki. Mara nyingi huja bure ndani ya boksi, nasi huitupa pamoja na karatasi za maelekezo. Usiitupe. Ifunge kwa mpira kwenye mguu wa tripodi, kwa sababu bolti hizo hulegea zenyewe kadiri siku zinavyopita.

Jambo la pili la nyumbani ni kufanya yote hayo gizani. Utafika gatini kabla ya mapambazuko, na taa ya simu mdomoni si njia nzuri ya kutafuta kitasa. Zima taa ya chumba, ikunjue tripodi, ifunge kamera, isawazishe, kisha washa taa uone ulichofanya. Baada ya mara nne au tano mikono itakuwa imekwisha kujua kitasa kipi kinalegeza gololi na kipi kinazungusha kichwa kizima, na kosa la kufungua kimoja ukidhani ni kingine, ambalo huidondosha kamera uso chini, halitatokea tena. Kibao cha chini ya kamera nacho kiachwe hapo hapo kwenye kamera daima. Nimewahi kusafiri usiku kucha hadi Malindi na kugundua ufuoni kwamba kibao kimebaki nyumbani, na sitaeleza niliyoyasema asubuhi ile.

Kusoma maji kabla ya kuweka saa ya kuamka

Anayepiga picha ya mlima huangalia jua peke yake. Wa gati huangalia maji kwanza, kwa maana ndiyo yanayoamua utasimama wapi na utakanyaga nini. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Hadi hapo kila mtu wa pwani anafahamu. Kinachomfaa zaidi mpiga picha ni kwamba bamvua na saa zake haviachani: katika siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.

Kutokana na hilo moja mtu anaweza kupanga mwezi mzima kwa kutazama mbingu tu. Malindi jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika 5 na saa 12 na nusu, mwaka mzima. Kwa hiyo asubuhi ya mwezi mpevu jua litayakuta maji yamekwisha kupwa kwa saa mbili hivi na yakiendelea kuondoka. Siku tatu baadaye, takriban tarehe 16 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu, na tena tarehe 2 hadi 4, jua litayakuta maji yamejaa. Karibu na tarehe 9 hadi 11, na tena 24 hadi 26, litayakuta yamepwa, ingawa hapo hayatakuwa yamekwenda mbali kama yanavyokwenda saa 4 ya bamvua. Hesabu hii ni ya kupangia safari. Ukishaichagua siku, ihakikishe saa yenyewe katika jedwali la maji la bandari, ambalo Mamlaka ya Bandari ya Kenya hulitoa kila mwaka, au katika programu ya simu, au kwa kumuuliza mvuvi yeyote, ambaye jibu lake litakuwa sahihi na litakuja na salamu juu yake.

Kasi ya maji pia si sawa muda wote. Mabaharia wana hesabu ya zamani inayogawa tofauti nzima ya maji katika sehemu 12: katika saa ya kwanza husogea sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano sehemu 2, na ya sita sehemu 1. Ikiwa bamvua ni ya mita 3.6, basi katika saa ya tatu peke yake maji hushuka sentimita 90. Kwa mwenye tripodi mpya, ningependekeza asubuhi ya bamvua kuliko nyingine zote. Saa ya tatu ya kupwa huanza karibu wakati ule ule jua linapochomoza. Maji yanakukimbia badala ya kukujia. Na kila baada ya dakika kumi unaachiwa kipande kipya cha mchanga uliolowa, unaong'aa kama sinia, ambao hubeba kivuli cha gati na rangi ya mbingu kwa pamoja. Maji yanayojaa yana uzuri wake pia, lakini yanamtaka mtu ambaye mikono yake imekwisha kuzoea kukunja vitu haraka.

Jua, upepo na rangi ya bahari

Karibu na ikweta usiku hauagi kwa muda mrefu. Tangu mwanga unapotosha kuona mchanga hadi jua linapochomoza ni takriban dakika 21, na rangi zenyewe za mbingu, ile zambarau na ile ya chungwa, huweza kuanza na kwisha ndani ya muda huo. Mgeni aliyezoea machweo marefu ya Ulaya hudanganyika hapa: akifika nusu saa kabla ya jua hudhani amewahi, kumbe ana muda wa picha tano tu. Fika saa moja kabla.

Jua halichomozi mahali pamoja. Ukisimama ufuoni ukiitazama bahari, mwezi wa Juni huchomoza nyuzi 23 hivi kushoto kwa mashariki halisi, na mwezi wa Desemba nyuzi hizo hizo upande wa kulia. Machi na Septemba huwa katikati. Maana yake ni kwamba upande wa gati uliokupa picha nzuri mwezi wa Juni huenda ukakupa ubavu mweusi mtupu mwezi wa Desemba. Kabla ya kwenda, chora msitari wa ufuo na wa gati kwenye karatasi, uweke jua mahali pake, nawe utajua usimame kaskazini au kusini ya gati.

Kuhusu upepo, kusi ndiyo adui wa tripodi nyepesi, hasa Juni hadi Agosti. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ina asubuhi za kufaa zaidi, na maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, huwa na asubuhi ambazo bahari imelala kabisa. Rangi ya maji nayo ina msimu. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini ya mji, na mvua zikinyesha bara huleta udongo mwingi mwekundu hadi mbele ya gati, maji yakawa kama chai ya maziwa. Wapo wanaoahirisha safari kwa sababu hiyo. Mimi nadhani wanakosea, kwa kuwa maji hayo yakipigwa kwa sekunde nyingi hutoa rangi ya shaba ambayo bahari ya buluu haitakupa, lakini ni kweli kwamba filta, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, na lenzi yenyewe zitahitaji kufutwa mara nyingi zaidi.

Miguu mchangani

Sasa umefika, giza bado, maji yanapwa. Chagua mahali pa kusimama kabla hujafungua chochote, ukitumia macho na simu, kwa sababu tripodi ikishasimama mtu huona uvivu kuihamisha na hujikuta akiipenda picha mbaya kwa ajili ya uvivu huo.

Unapoirefusha miguu ufuoni, anza na kipande cha chini kabisa, kile chembamba. Hii ni kinyume cha inavyofundishwa kwa kazi za ndani, ambako vipande vinene hutangulia kwa ajili ya uimara. Ufuoni lengo ni kuviweka viungo juu, mbali na maji na mchanga; kipande chembamba kikiwa kimetoka chote, kiungo cha kwanza kitakuwa sentimita 30 au 40 kutoka chini, na wimbi dogo halitakifikia. Uimara utaupata kwa kutopandisha nguzo ya katikati. Nguzo hiyo ikipanda, tripodi ya miguu mitatu inakuwa fimbo moja iliyosimama juu ya meza, na upepo unafurahi.

Elekeza mguu mmoja mbele, chini ya lenzi, ili uzito wa kamera uwe na pa kuegemea, na miwili ibaki upande wako. Kisha izamishe. Nilijifunza namna ya kuizamisha kutoka kwa mzee mmoja mvuvi aliyesimama nyuma yangu kwa muda huku akivuta kamba ya mashua yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaongeza bila kuulizwa: "Miguu yako inakunywa maji." Nikatazama, na kweli, kila wimbi liliporudi baharini lilichimba kishimo kuzunguka kila mguu, na tripodi ikaenda chini kwa upana wa kidole. Akaniambia kwamba upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, hausukumwi tu chini. Unachezeshwa kulia na kushoto, mchanga unaufungulia njia, nao unashuka hadi ukatae. Hapo ndipo unapouacha. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya: nashika mguu mmoja karibu na chini, nauchezesha huku nikiukandamiza, hadi ukatae, kisha wa pili, kisha wa tatu, na ndipo naisawazisha kamera kwa pimamaji ndogo iliyo kichwani. Baada ya hapo nasubiri mawimbi mawili au matatu yapite kabla ya kubonyeza, na naiangalia tena pimamaji. Mchanga ukiwa laini mno, vifuniko vitatu vya ndoo ndogo za rangi vilivyowekwa chini ya miguu husaidia, ilimradi maji hayafiki hapo. Yakifika, huviinua na kuviondoa.

Begi likitundikwa chini ya tripodi huongeza uzito, lakini likining'inia hewani katika kusi linageuka bembea na kuitikisa kamera zaidi kuliko upepo wenyewe. Litundike kwa kamba ndefu, hadi liguse mchanga kidogo. Mkanda wa kamera nao uvue au uufunge, kwa maana hupepea kama bendera, na ni sababu ya ukungu ambayo watu hawaifikirii.

Miguu juu ya gati

Kupiga ukiwa juu ya gati kunaonekana rahisi kuliko mchangani, na ndiyo maana hudanganya. Sakafu ya gati, iwe ya mbao au ya zege, imelala juu ya nguzo kama kitanda juu ya matendegu. Katikati ya nguzo na nguzo hucheza. Mtu akipita na mkokoteni, kijana akikimbia, wimbi kubwa likigonga nguzo, mtetemo husafiri hadi kwenye kamera yako hata kama huusikii miguuni. Iweke tripodi juu ya nguzo au juu ya boriti, ambako sakafu imeshikiliwa, na kwenye gati la mbao hakikisha hakuna mguu uliokanyaga mwanya kati ya ubao na ubao.

Kuna njia ya kuuona mtetemo. Washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini ya kamera, ikuze mara 10, uielekeze kwenye taa ya mbali au kwenye mlingoti wa mashua iliyopwelewa, kisha utazame tu bila kugusa. Taa ikicheza, subiri. Gati lina vipindi vyake vya utulivu, hasa kabla ya wavuvi kurejea, na picha tatu za sekunde 5 zilizopigwa katika utulivu huo zinafaa kuliko moja ya dakika 2 iliyopitiwa na watu wanane.

Gati ni mahali pa kazi kabla halijawa mahali pa picha. Usifunge njia kwa miguu ya tripodi. Simama pembeni, kunja mguu mmoja ikibidi, na samaki wanapoteremshwa ondoka kabisa. Omba ruhusa kwa anayelisimamia gati, na kwa mtu yeyote ambaye uso wake utaonekana. Vyombo vya usalama na maafisa wao visiingie katika picha.

Mpangilio wa kamera

Hapa sitakawia, kwa kuwa yameelezwa kwingi. Weka kamera katika hali ya mkono, ambayo wewe mwenyewe hupanga kila kitu, faili ghafi (RAW), ISO 100, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, na tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11. Ukiliminya tundu hadi f/22 ili kupata sekunde nyingi, picha nzima hupoteza ukali kidogo kwa jinsi mwanga unavyotawanyika katika tundu dogo. Sekunde nyingi zitafutwe kwa filta. Lenga nguzo iliyo karibu theluthi moja ya urefu wa gati, kisha uzime ulengaji wa kujiendesha ili kamera isitafute tena gizani. Zima kizuia-mtikisiko, ambacho katika kamera nyingi huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe. Tumia rimoti au kipimamuda cha sekunde 2, kwani kidole kinachobonyeza ndicho upepo wa kwanza.

Dakika 25 kabla ya jua, kwa f/8, utahitaji takriban sekunde 4 hadi 15, bila filta yoyote. Mwanga unavyopanda, muda unafupika haraka sana, na jua likichomoza utakuwa umefika 1/30 au 1/60 ya sekunde, ambapo maji yanaganda na tripodi inakuwa haina kazi. Hapo ndipo filta ya kupunguza mwanga inapoingia. Kila stopu huuzidisha muda mara mbili; filta ya stopu 6 huuzidisha mara 64, hivyo 1/30 inakuwa sekunde 2 na kidogo. Ya stopu 10 huuzidisha mara 1,024, hivyo 1/60 inakuwa sekunde 17. Lenga na upange picha kabla ya kuifunga, kwa sababu ya stopu 10 ni nyeusi kama kioo cha mchomea vyuma. Ukiwa na fedha ya moja tu, nunua ya stopu 6. Katika nusu sekunde hadi sekunde 2 wimbi linalorudi huacha mistari mchangani inayoonyesha lilikotoka, na mistari hiyo huliongoza jicho hadi kwenye gati. Kwa sekunde 30 mistari yote hufutika na kubaki ukungu, ambao mara ya kwanza hupendeza na mara ya kumi huchosha.

Mashua zilizofungwa karibu na gati zitayumba muda huo wote. Katika sekunde 20 mashua inakuwa doa. Ukitaka zionekane, piga moja ya haraka kwa ISO 800 au 1600 baada ya ile ndefu, bila kuigusa tripodi, na uziunganishe baadaye kwenye kompyuta.

Urefu wa kamera na mstari wa upeo

Ipo kanuni moja ya upangaji ambayo kwa gati ina uzito kuliko zote: mstari wa upeo wa bahari daima hukaa sawa na urefu wa kamera yako. Kila sehemu ya gati iliyo juu kuliko lenzi itakuwa juu ya upeo, na iliyo chini itakuwa chini yake. Ukisimama mahali ambapo lenzi ina kimo kile kile cha sakafu ya gati, sakafu na upeo vitalaliana kuwa mstari mmoja, na gati litapotea ndani ya bahari yake lenyewe. Ndiyo maana picha nyingi zilizopigwa kutoka kwenye ngazi au ukingoni mwa barabara huonekana zimebanwa, na mpigaji hajui kwa nini.

Dawa iko miguuni. Shuka mchangani, fupisha tripodi hadi kiunoni au magotini, na sakafu itapanda juu ya upeo, ikiacha nguzo zisimame kila moja peke yake na mwanga ukipita katikati. Magotini, nguzo za karibu hurefuka na mchanga uliolowa hujaza nusu ya picha. Kifuani, nafasi kati ya nguzo na vivuli vyake huonekana vizuri zaidi. Mimi hupiga zote mbili kabla ya kuamua. Maji yakiwa yamepwa unaweza pia kuingia chini ya gati lenyewe na kuielekeza kamera baharini katikati ya safu mbili za nguzo. Hapo kamera iwe katikati kabisa, kwa kuwa kupotoka kwa sentimita chache huonekana. Panga kwanza kwa kuisogeza tripodi nzima, na kichwa ukigeuze mwisho.

Chumvi

Baada ya kazi usiikunje tripodi ikiwa na mchanga viungoni. Ioshe pale pale kwa chupa ya maji matamu uliyokuja nayo, ukianzia juu kwenda chini, kisha ukunje. Ukifika nyumbani irefushe miguu yote, uioshe tena kwa maji mengi, na uwe mwangalifu maji hayo yasitoke kwenye kisima cha chumvi, kama visima vingi vya pwani vilivyo. Kichwa cha gololi kisimwagiwe maji. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu. Kama mchanga umeingia ndani ya pete, ifungue kabisa, uvute mguu nje, uvipange juu ya gazeti vipande vya plastiki vilivyomo ndani kwa mpangilio ule ule vilivyotoka, usugue nyuzi za pete kwa mswaki wa zamani, ukaushe kivulini, na upake mafuta kidogo sana ya silikoni. Oili ya injini hukusanya mchanga. Iache usiku kucha viungo vikiwa vimelegezwa.

Tripodi yangu ya alumini niliwahi kuiacha bila kuoshwa baada ya asubuhi moja tu ya bamvua, nikaikuta wiki tatu baadaye mguu wa tatu umekataa kutoka. Nilimpelekea fundi baiskeli wa mtaani, akaumwagia maji ya moto, akaufunga kwa kipande cha tairi, akauzungusha mara moja, ukatoka na unga mweupe. Alikitia kidole ulimini, akatema, akanidai shilingi 200.